Sauti Iliyoendelea Umeme Ulipozimwa

Mgeni rasmi, Baba Mchungaji Balthazar, Mwenyekiti wa Jimbo. Wazee wa kanisa, wanakwaya, kinamama na washarika wote wa Chapwa: wenye watoto wachanga msitoke. Hatujaanza kupiga. Bado tunasoma.

KARIBU TUNDUMA

Baba, umeondoka Mlowo kukiwa bado na umande, na tumeambiwa kwamba kuanzia Mpemba ulisafiri nyuma ya tangi la mafuta lililokuwa likisogea hatua kumi na kusimama. Pole. Hiyo ndiyo barabara yetu. Malori hayo hupita usiku na mchana, na mtu aliyezaliwa hapa hawezi kulala vizuri mahali pasipo na breki za upepo zinazopumua nje ya dirisha.

Risala nyingi huanza na furaha ya midomoni, halafu shida zikajaa kuanzia ukurasa wa pili hadi mwisho. Yetu ina furaha ya kweli. Wiki hii tumelala. Tangu barua yako isomwe hapa madhabahuni Jumapili iliyopita, ikisema Anyosisye Kibona ameondolewa adhabu ya nidhamu na kikundi chetu kimeruhusiwa kupiga katika ibada ya pili, hata Zabron, anayepiga ngoma, na ambaye hajui kukaa kimya, alikaa kimya kwa muda mrefu hivi kwamba tulimuuliza kama anaumwa.

Kwa hiyo karibu sana, Baba. Chai ipo, na viazi vya Ileje vipo.

HISTORIA YETU, AMBAYO KWA KIASI KIKUBWA NI YAKE

Mgeni rasmi, kikundi chetu kinaitwa Ngurumo. Tuko watano. Zabron ni fundi makanika, Yonathani anayepiga gitaa anaandika karatasi za mizigo katika ofisi moja ya uwakala hapa mpakani, wawili wana vibanda vya biashara sokoni, na wa tano ni Anyosisye. Tumekubaliana, naye ameridhia, kwamba historia ya kikundi tuieleze kwa kumfuata yeye, kwa sababu ndiye aliyeilipia.

Anyosisye ni fundi cherehani. Alishuka kutoka Ikinga, kule Ileje, mwaka 2007, akapanga chumba jirani na soko, akaanza kushona sare za shule. Kanisani alijiunga na kwaya, sauti ya pili. Wanaokumbuka watasema alikuwa msichana mpole ambaye hata akikohoa anaomba ruhusa.

Mwaka 2010 alikuja dereva mmoja Mzambia kutoka Kitwe, tukimwita ba Mulenga kama ilivyo heshima ya kwao. Karatasi zake zilikwama mpakani siku tisa, na katika siku hizo tisa alisali nasi Jumapili mbili. Alikuwa Mkristo wa kufunga na kuomba. Alikuwa pia na gitaa la umeme nyuma ya kiti cha lori, limefungwa ndani ya blanketi kama mtoto. Siku ya saba alitupandisha kwenye kichwa cha lori, akatia sidii ya bendi ya kanisani kwao, wanayopiga hevi metali. Gitaa likaunguruma kama lori linapanda mlima na gia ya kwanza, kisha ikaja sauti ya mtu, imepasuka, imetoka chini kabisa ya tumbo.

Zabron alicheka mpaka akajigonga kichwa. “Sasa huyu anaimba au anatapika?”

Ba Mulenga hakukasirika. Alimgeukia Anyosisye, aliyekuwa amejibana mlangoni. “Na wewe sista, unasemaje?”

Anyosisye alikuwa amekunja mikono kifuani. Alisema, “Huyu anaomba.”

Basi. Kwake ilianzia pale. Ba Mulenga karatasi zake zilipotoka alimwachia Yonathani gitaa kwa ahadi kwamba litapigwa kanisani tu, na mpaka leo halijapigwa kwingine. Anyosisye alibaki na sidii. Alijifundisha ile sauti akiwa kwenye cherehani, mguu kwenye pedeli, kichwa kimeinama juu ya kola ya shati la mtoto wa mtu. Wateja walimhurumia. “Dada, una mafua?” “Dada, umejaribu tangawizi?” Mwezi mmoja koo lilimuuma kweli. Mwezi wa pili aligundua kwamba sauti ile haitoki kooni kabisa, na akaacha kuumwa.

Mgeni rasmi, kuna jambo alilotueleza mara moja tu. Alisema kwamba miaka yote aliyoimba sauti ya pili alikuwa anamwimbia Mungu kwa adabu, kama mtu aliyetumwa salamu. Siku alipoipata sauti hii alihisi kwamba ameacha kufikisha salamu, ameanza kusema shida yake mwenyewe.

WIMBO ULIOPIGWA MUHURI

Wimbo wetu wa kwanza tuliutunga wenyewe. Maneno yake ni ya hapa hapa mpakani. Unasema: Bwana, tumepanga foleni mlangoni kwako, karatasi zetu zimetimia, jua limetuchoma, mbona dirisha lako limefungwa? Na kiitikio: Usinyamaze, usinyamaze, sisi hatugeuzi lori.

Kwa utaratibu wa usharika wetu, wimbo mpya hupelekwa kwanza Kamati ya Uimbaji. Kamati husoma maneno kwenye karatasi, ikiridhika hupiga muhuri. Karatasi tu, Baba. Tuni haikuwahi kuulizwa, kwa sababu kwa miaka mingi vikundi vyote vilitumia kinanda kimoja chenye biti zile zile nne. Mwenyekiti wa Kamati ni Mzee Boazi, ambaye ujana wake alipiga tarumbeta, na sikio lake hata leo hakuna wa kulidanganya. Alisoma maneno yetu mara mbili. Alisema, “Haya yana toba ndani yake,” akapiga muhuri. Karatasi ile tunayo.

Jumapili ya Mavuno, Agosti 2012, tukaimba.

Tuseme ukweli wote. Spika tulikuwa tumezielekeza upande wa kinamama wenye watoto, na hilo lilikuwa kosa la kipumbavu. Watoto walilia. Kuku wa sadaka waliokuwa wamefungwa miguu mbele ya madhabahu walijaribu kuondoka. Bibi mmoja alishika kichwa na kukemea pepo. Ubeti wa kwanza ulipoisha, Mzee Boazi aliinuka, akatembea taratibu hadi kwenye mita ukutani, akazima swichi kubwa.

Gitaa likafa. Taa zikafa. Zabron hakuacha, maana ngoma hazitumii umeme. Na Anyosisye, aliyekuwa amefumba macho, hakuacha.

Hapa ndipo tunaomba usikilize vizuri, mgeni rasmi, kwa kuwa kesi nzima iko hapa. Chapwa umeme hukatika. Hukatika kwenye harusi, hukatika kwenye ubatizo. Na desturi yetu wote, kuanzia kwaya kuu hadi watoto wa shule ya Jumapili, ni moja: umeme ukikatika katikati ya wimbo, mwimbaji anaweka maiki chini, anapandisha sauti, anamaliza. Hakuna aliyewahi kufundishwa hivyo. Ndivyo tulivyokua. Anyosisye akiwa na macho yaliyofumbwa alisikia gitaa limekatika, akaweka maiki chini, akapandisha sauti. Aliimba ubeti wa pili na wa tatu bila chombo chochote ila ngoma, na wale waliokuwepo wanajua ilivyokuwa. Sauti ile bila umeme ni kubwa zaidi.

Alipofumbua macho alimwona Mzee Boazi amesimama kwenye mita, mkono bado uko juu ya swichi.

MJADALA NA NIDHAMU

Baraza la Wazee lilimwita Jumanne. Tulisubiri nje, lakini madirisha ya ofisi yetu hayana vioo, kwa hiyo tulikuwemo.

“Binti yangu,” alisema Mzee Boazi, “nilipozima umeme, hukuelewa kwamba nakusimamisha?”

“Nilijua umeme umekatika, baba. Kama siku zote.”

Wazee wawili walicheka. Kama maswali yangeishia hapo tungerudi nyumbani kunywa chai. Lakini Mzee Boazi ni mtu wa kutafuta mwisho wa jambo.

“Na kama ungejua ni mimi niliyezima?”

Baadaye Anyosisye alitueleza kwamba jibu la kumwokoa lilikuwa tayari kinywani, tena zuri, lenye unyenyekevu. Alilionja, likawa si la kweli. Akasema, “Ningemaliza wimbo, baba.”

Jibu hilo lilimweka chini ya nidhamu miezi kumi na minne, na kikundi kizima kikafungiwa.

Katika miezi hiyo usharika wote ulijadili, na hatutaki kujifanya kwamba upande mmoja ulikuwa na akili na mwingine hauna. Waliosema huu ni muziki wa shetani tuliwauliza shetani amenunua lini gitaa, nao wakatuuliza Mungu amenunua lini. Waliosema ni muziki wa Wazungu tuliwaonyesha kinanda na tarumbeta, tukawauliza vilichimbwa kwenye shamba gani la Mbozi. Tuliwakumbusha pia kwamba babu zetu waliambiwa ngoma ziachwe nje ya mlango wa kanisa, na leo ngoma ziko ndani na paa halijaanguka.

Lakini Mama Goodness, muuza dagaa, alituambia, “Wanangu, mimi na gitaa lenu hatuna ugomvi. Nataka nielewe neno hata moja tu, niseme amina nikijua naitikia nini.” Tulikwenda tukaandika maneno ya nyimbo zetu kwa rangi kwenye shuka jeupe, nalo ndilo hilo linaloning'inia pale.

Na Mzee Boazi mwenyewe alisema kwenye kikao cha usharika neno ambalo lilituuma, maana lina haki: “Siku sita nasikia malori. Ya saba nakuja hapa nimsikie Mungu. Nyie mnaniletea lori mpaka madhabahuni.”

Anyosisye hakujadili. Aliyewekwa chini ya nidhamu hukaa benchi la nyuma karibu na mlango, haimbi kwenye kikundi chochote, hapiti Mezani pa Bwana. Alikaa. Jumapili baada ya Jumapili alisikia kwaya ikiimba na sauti yake ya pili ikiimbwa na mtu mwingine, tena ikishuka nusu noti, na vidole vyake vikawa vinapanda juu ya paja kama anayemsogeza yule dada panapostahili. Siku ya Meza watu walipita mbele yake, magoti yao yakigusa magoti yake, naye akivuta miguu ndani ili wapite. Watu walimshauri ahamie kanisa jingine; Tunduma makanisa yamejaa kama maduka ya kubadilisha fedha. Alijibu kwamba amebatizwa katika Kanisa hili la Upatanisho kule Ikinga, na kama ni kuondoka atatoka ndani ya jeneza.

Hicho ndicho kilichokuwa hatarini, Baba. Muziki mtu anaweza kupiga hata gereji. Huyu alikuwa anapoteza nyumbani.

MAFANIKIO

Mafanikio yetu ni jambo moja, nalo lilitokea tukiwa tumefungiwa.

Machi mwaka huu Justine, utingo wa miaka ishirini na miwili, kijana wa usharika huu, alifariki kwa ajali barabarani. Mama yake ni mjane. Kwaya tatu zilikwenda msibani, zikaimba vizuri, na nyimbo zote zilimwambia asilie, mwanawe amepumzika. Mama Justine hakulia. Hakula pia, wala hakulala. Siku ya nne, mchana, kinamama wakiwa jikoni na wazee wakiwa kwenye viti, alifungua mdomo.

“Yule binti wa kupasuka yuko wapi? Fundi cherehani. Mleteni.”

Mzee mmoja alimweleza kwa upole kwamba binti yule yuko chini ya nidhamu, haruhusiwi kuimba katika shughuli ya kanisa.

“Kwani aliyekufa ni wa kanisa au ni wangu?” alisema Mama Justine. “Mleteni.”

Anyosisye alikuwa nyuma ya nyumba anapepeta mchele. Alikuja na ungo mkononi. Alituambia baadaye kwamba aliogopa kuliko siku ya Mavuno, kwa sababu siku ile alikuwa hajui analofanya na siku hii alijua. Hapakuwa na gitaa wala ngoma. Alipiga magoti kwenye mkeka mbele ya mama yule akaanza: Bwana, tumepanga foleni mlangoni kwako. Kwa ile sauti. Alipofika kwenye dirisha lililofungwa, Mama Justine alimshika mabega akatoa kilio ambacho kilikuwa kimekaa ndani siku nne, na sauti zao hazikutofautiana. Waliimba au walilia, hatujui. Kinamama waliacha vyungu.

Kilipokwisha, Mama Justine alisema, “Wengine wote wamekuja kuninyamazisha. Huyu amekuja kunisaidia.” Akaomba uji. Akalala hadi asubuhi.

Mzee Boazi alikuwepo. Aliondoka bila kuaga. Wiki mbili baadaye tukasikia kwamba amekuandikia wewe, mgeni rasmi, kwa mkono wake, na uliporuhusu barua isomwe sote tulisikia: “Muziki huu bado siupendi na sidhani nitaupenda. Lakini nimeona mfiwa amelala. Naomba Jimbo lije lisikilize.” Mzee wetu, uko hapa mstari wa mbele, na tunakushukuru mbele ya watu wote. Mtu anayetetea asichokipenda ana moyo mkubwa kuliko sisi tunaotetea tunachokipenda.

Jimbo likaja, likasikiliza, likaamua. Siku Yonathani alipomkimbilia Anyosisye dukani kumwambia barua imefika, alikuwa na pini tatu mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye mto wake wa pini, akakaa chini juu ya sare za watu, akacheka mpaka mteja akarudi nyuma. Jumapili iliyopita alipita Mezani. Hakuna kati yetu aliyeweza kumtazama usoni.

CHANGAMOTO

Spika ni mbili na moja imetoboka. Hiyo iliyotoboka tunaipenda, inatusaidia kuunguruma, kwa hiyo tusaidieni nyingine. Zote mbili sasa zinatazama ukutani, mbali na watoto. Pia wapo washarika waliosema watatoka sisi tukianza na kurudi tukimaliza. Hatuwalaumu. Tunaomba tu wasisimame mlangoni, maana wanaotaka kuingia watashindwa.

Changamoto ya tatu ni ya juzi. Jumatano baadhi ya wazee walituletea karatasi yenye sentensi moja iliyochapwa tayari, wakasema iingizwe katika risala hii kabla ya maombi yetu, ili mambo yaishe kwa amani: kwamba kikundi na Anyosisye wanaomba radhi kwa sauti ile na kwa kuuendeleza wimbo.

Tulikutana kwenye chumba cha cherehani. Zabron alisema, “Sentensi moja tu jamani. Tuimeze kama klorokwini, tunywe maji, tuendelee.” Tulikaribia kumkubalia. Tumechoka, na tumefurahi, na mtu mwenye furaha hukubali vitu vingi. Anyosisye alichukua karatasi akaisoma kwa sauti, ili asikie inavyokaa mdomoni. Aliisoma hadi mwisho. Kisha akauliza, “Mama Justine atakuwa amekaa wapi wakati mnasoma?”

Leo yuko pale, benchi la tatu.

MAOMBI YETU

Tunaomba Kamati ya Uimbaji isikilize na tuni pia, si karatasi peke yake; itawaokoa wao na sisi. Tunaomba ibada ya pili ibaki yetu hata baada ya wewe kuhama Jimbo hili. Tunaomba swichi kubwa iwekewe kisanduku chenye kufuli, na ufunguo akae nao Mzee Boazi mwenyewe, tunamwamini. Na tunaomba mtu yeyote asikae tena benchi la nyuma miezi kumi na minne kwa kosa la kujibu swali kwa ukweli.

HITIMISHO

Baba Mchungaji, Mungu akurudishe salama barabara yote hadi nyumbani, akupe koo lisilokauka na masikio yasiyochoka. Awabariki wazee wetu, wanaotupenda na wasiotupenda. Ambariki ba Mulenga popote lori lake liliposimama leo.

Tulipokosea tumerekebisha: spika tumezigeuza, maneno tumeyaandika, na kelele tumezipunguza kwa kipimo tulichopewa. Lakini ile sentensi hatuisomi. Kuisoma ni kumwambia mama aliyemzika mwanawe kwamba kilio chake kilikuwa fujo, na kumwambia dada yetu kwamba namna alivyomwomba Mungu ilikuwa kosa. Barua yako, Baba, haikututaka tuseme hivyo, na hata ingetutaka tungekujibu kwa heshima hii hii.

Ni sisi, vijana wa Kikundi cha Ngurumo, Kanisa la Upatanisho, Usharika wa Chapwa, Tunduma, Wilaya ya Momba, Mkoa wa Mbeya, leo Oktoba 2013. Tuliimba, tutaimba, na radhi hatuombi.